Guido Mazzoni na Waombolezaji Wake wa Udongo

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, na ninyi wanafunzi mliojibana kule nyuma, asanteni kwa kuja. Wenyeji wetu waliniomba nizungumzie sanamu za kidini za udongo wa kuchoma za Italia, kwa ujumla. Mniwie radhi, sitazungumza kwa ujumla. Huko kuzungumza kwa ujumla ndiko kulikomfukia mtu ninayetaka mumfahamu. Jioni hii nina jina moja, Guido Mazzoni wa Modena, na hasa kundi moja la sanamu alilolifinyanga mwishoni mwa miaka ya 1470. Mengine yakipata nafasi, yatapata.

Mwulizeni mwanafunzi yeyote wa sanaa awatajie wachongaji watatu wa Italia. Michelangelo atamtaja kabla hamjamaliza kuuliza. Atamtaja Donatello, atamtaja Bernini. Mkimwuliza Mazzoni, atawatazama tu. Wala simlaumu. Namlaumu aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo aliyemfundisha. Nimelisema hili kila niliposimamishwa mbele ya watu na leo nalisema tena: tumezoeshwa kumthamini mtu kwa kile alichokishika mkononi. Akishika marumaru, huyo msanii. Akimimina shaba, huyo msanii. Akishika udongo, basi huyo anafanya majaribio, anajiandaa kwa kazi yenyewe itakayokuja. Na kama kazi yenyewe haikuja, kama udongo ndio ulikuwa kazi yake tangu mwanzo hadi mwisho, tunampitia kama tunavyopita kwenye kibanda cha mauza vyungu.

Kuna atakayeinua mkono aniambie: mbona Michelangelo mwenyewe aliusifu udongo? Nakijua kisa hicho, huwa nasomewa kila mara. Vasari, yule mwandishi wa karne ya 16 aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia, anasimulia kwamba Michelangelo alipopita Modena aliziona sanamu za Antonio Begarelli, mfinyanzi wa kizazi kilichomfuata Mazzoni mjini humo humo, zimepakwa rangi nyeupe zifanane na marumaru. Akasema kwamba kama udongo ule ungegeuka marumaru, ole wao sanamu za kale. Watu hunisomea maneno hayo wakitabasamu, kana kwamba wameniletea zawadi. Hebu yasikilizeni. Ungegeuka marumaru! Hata katika sifa, udongo unaambiwa kwanza uache kuwa udongo. Na Begarelli alishaelewa dunia inataka nini, ndiyo maana akapaka nyeupe. Mazzoni hakupaka nyeupe. Mazzoni alitaka rangi ya ngozi ya mtu, mashavu yaliyolowa, macho mekundu, nguo za watu wa Modena wa siku zake. Hakutaka sanamu zake zifanane na jiwe. Alitaka ukiingia kanisani ushtuke, udhani watu wameshatangulia.

Haya, Modena. Mji uko kwenye uwanda wa mto Po. Chimba pale, utapata udongo. Endelea kuchimba, utapata udongo tena. Marumaru iko Carrara, ng'ambo ya milima ya Apennini, na kulivusha jiwe milima ile kwa ng'ombe na mikokoteni kulimfilisi mtu kabla hata halijaguswa kwa patasi. Kwa hiyo kutoka Modena hadi Bologna hadi Ferrara watu walijenga kwa matofali, na walipotaka watakatifu, waliwatoa katika tanuri zile zile. Bologna wanaye Niccolò dell'Arca, na wanawake wake wanaopiga mayowe katika kanisa la Santa Maria della Vita. Hao wanazidi kupata wageni mwaka hadi mwaka, nafurahi, sitawagusa leo. Mimi nataka Mazzoni.

Alizaliwa Modena karibu na mwaka 1450. Alianza kwa kutengeneza vinyago na mapambo ya sherehe na maonyesho. Likumbukeni jambo hilo, nitalirudia. Kisha akaagizwa kazi na chama cha waumini wa mjini kwake, chama cha San Giovanni della Buona Morte, yaani Mtakatifu Yohana wa Kifo Chema. Vyama vya namna hii vilikuwapo katika miji mingi ya Italia, na kazi yao ilikuwa nzito: kukaa na mtu aliyehukumiwa kifo. Mwanachama anakesha naye usiku wa mwisho, anasali naye, na asubuhi anamsindikiza hadi penye kitanzi au shoka. Walikuwa na vibao vidogo vilivyochorwa picha takatifu, wakivishika mbele ya uso wa mhukumiwa njia nzima ili aone picha, asione kinachomngoja. Ni watu hao walioagiza Maombolezo ya Modena, lile kundi la sanamu nililolitaja mwanzoni. Walikwisha kuona watu wakifa. Walishaona mama wa mtoto anayenyongwa anavyolia. Ungewapelekea sura nzuri nzuri za kupendeza, wangekurudishia.

Mazzoni akawafinyangia msiba. Kristo amelazwa chini, mwili umekwisha, kinywa kimeachama kidogo. Wanaomzunguka ni wa ukubwa wa mtu mzima: Bikira Maria, Maria Magdalena na wanawake wenzake, Yohana, Nikodemo, Yusufu wa Arimathaya. Wengine wamepiga magoti, wengine wamesimama. Hawako juu ya mnara wala nguzo, wako usawa wako, na ukikaribia unaziba pengo lililobaki katika duara. Hapo ndipo unapouona uso wa Maria. Ni mama mtu mzima. Ana mikunjo kwenye paji la uso na pembeni mwa macho, shingo imekazana, kinywa kiko wazi, analia kwa sauti. Miaka ishirini baadaye Michelangelo alichonga Pietà ile iliyoko Roma, Maria akiwa amempakata Kristo aliyekufa, ya marumaru, mnayoijua nyote, na mle Maria ni binti, anaonekana mdogo kuliko mwanawe. Sisemi Michelangelo alikosea. Nasema yule wa Roma ni Maria wa wanateolojia, na huyu wa Modena ni mwanamke aliyezaa mtoto, akamlea miaka thelathini na tatu, akamzika. Na mimi, mbele ya hao wawili, najua ni yupi ningemshika mkono.

Sasa tufike kwenye lawama. Wataalamu wengi wanaamini kwamba Mazzoni alichukua kalibu za nyuso za watu walio hai: unampaka mtu mafuta, unammwagia plasta usoni, unangoja ikauke, unapata alama ya uso wake hadi vitundu vya ngozi. Kazi ya vinyago ilimzoesha mambo hayo tangu ujana. Basi mara tu ukilitaja hilo, anasimama mtu kusema: kumbe alinakili tu, sanaa iko wapi? Nimechoshwa na swali hili lakini nitalijibu kwa utulivu, maana kuna wanaolisikia leo kwa mara ya kwanza. Umewahi kuona uso uliotolewa kwenye kalibu? Macho yamefumba. Lazima yafumbe, plasta iko juu yake. Kinywa kimefumba. Mashavu yamelegea kwa uzito wa ile plasta, paji la uso limetulia, maana anayefanyiwa hivyo ameambiwa asitikisike. Kalibu inakupa uso wa mtu aliyelala usingizi. Hakuna awezaye kulia kwa kwikwi chini ya plasta na kalibu ikatoka salama. Kwa hiyo kile kilio chote, macho yaliyofumbuliwa, nyusi zilizopanda, ulimi unaoonekana nyuma ya meno, mshipa wa shingo, vyote hivyo vilitoka vidoleni mwa Mazzoni. Kalibu, kama aliitumia, ilimpa umbali kati ya pua na sikio. Msiba aliuweka mwenyewe.

Na aliuweka haraka, na hapa udongo unaishinda marumaru kabisa. Mwenye marumaru anapunguza. Anagonga, anapunguza, miezi na miezi. Akikata zaidi ya inavyotakiwa, hakuna kurudisha. Mfinyanzi anaongeza, anaondoa, anasukuma kwa dole gumba, anarudisha. Udongo uwahi ungali maji: kwake hiyo ndiyo saa ya kazi. Anaweza kuliwahi badiliko la uso ambalo halidumu hata kwa pumzi mbili.

Msidhani kwamba kwa sababu ni laini basi ni rahisi. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakikutana na Mazzoni wangeelewana bila mkalimani. Wao wanajua kwamba chungu chenye unyevu kikiingia motoni kinapasuka, na kwamba unene usiolingana ni hasara. Sasa fikirieni chungu chenye urefu wa mtu, chenye mikono iliyonyooshwa na nguo zilizokunjamana. Haiwezekani kukichoma kikiwa kimeshiba udongo ndani. Unafinyanga, unaacha kikauke kiasi cha kushikika bila kubonyea, unakikata vipande, unakomba ndani kwa upande wa nyuma hadi libaki gamba lenye unene unaolingana, unakausha polepole kivulini. Udongo unanywea, pengine hadi sehemu moja ya kumi, na kila kipande lazima kinywee sawa na mwenzake, la sivyo kichwa hakitakaa shingoni. Ndipo tanuri, nyuzi 900 za Selsiasi au zaidi. Kisha kuunganisha, kuziba viungo kwa plasta na kuvificha kwenye mikunjo ya nguo, kisha rangi. Siku moja ya haraka tanurini inaua kazi ya miezi. Halafu mtu ananiambia marumaru ndiyo inayohitaji ustadi.

Hapa kwa kawaida kuna mzee mmoja mwema ananikumbusha kwamba hata Adamu alitokana na mavumbi ya ardhi. Nashukuru, baba, lakini leo sitaki mahubiri hayo. Ukiusifu udongo kwa sababu ya Adamu, umesifu udongo, na Mazzoni amebaki pale pale, hana jina. Mimi nasifu mikono.

Nikitaka kumthibitishia mtu mikono hiyo simpeleki kwanza kwenye Maombolezo. Nampeleka chini, kwenye kanisa la chini ya ardhi la kanisa kuu la Modena. Kuna kundi dogo jingine la Mazzoni, watu wa Modena wanaliita Madonna della Pappa, Bikira wa Uji. Maria ameketi na Mtoto mapajani, wapo waliopiga magoti wakiabudu, kila kitu kama ulivyozoea kukiona. Pembeni yuko mtumishi wa kike ameshika bakuli. Katika bakuli mna uji wa mtoto. Uji ni wa moto. Na huyo dada anaupuliza.

Nataka mwelewe ujasiri wa jambo hilo. Mwana wa Mungu yuko pale, Mama yake yuko pale, watu wamepiga magoti, na mfinyanzi akaamua kwamba mmoja wa waliopo hana muda wa kupiga magoti kwa sababu mtoto ana njaa na uji utamuunguza ulimi. Midomo yake imechongoka, mashavu yamejaa pumzi. Hajui kama anatazamwa. Wapo wachongaji wakubwa wa marumaru wa karne ile waliokufa bila kuchonga mtu mmoja anayefanya kazi ya kumfaa mwenzake. Maandiko hayamtaji dada huyu popote. Mazzoni alimwona jikoni kwa mtu, akamleta mbele ya Mungu, wala hakumvua aproni. Mtu akiniambia sanamu hii ni ya watu wa kawaida, ni sanaa ya kijijini, namwuliza: wewe ulipozaliwa, nani alikupulizia uji?

Nimeona saa. Nitakwenda mbio.

Pomponius Gauricus, aliyechapisha kitabu chake juu ya uchongaji mwaka 1504 mjini Florence, anamtaja Mazzoni na kusema kwamba mke wake pia alifinyanga, na binti yake vilevile. Mke anatajwa kwa jina la Pellegrina Discalzi. Ni karne ya 15 hiyo, na mtu aliyeandika Mazzoni alipokuwa bado hai anasema wazi kwamba karakanani walikuwamo wanawake wawili wenye kazi zao. Kwa hiyo tunaposimama mbele ya yule dada wa uji, au mbele ya wale wanawake wa msibani, hatuna sababu ya kudhani kwamba vidole vyote vilivyopita pale vilikuwa vya mwanamume. Hili peke yake lilitosha kuwa mhadhara mzima, na siku moja, wenyeji wakinialika tena, litakuwa.

Ferrara: Maombolezo mengine, katika kanisa la Gesù, ya miaka ya 1480. Mle mtawala Ercole wa Kwanza na mkewe Eleonora wa Aragona wamewekwa miongoni mwa waombolezaji, kwa sura zao. Napoli: mwaka 1492, kwa Alfonso, mrithi wa kiti cha ufalme, kundi jingine kubwa katika kanisa la Sant'Anna dei Lombardi. Rangi zake za mwanzo hazipo tena, na zilipotoka ziliondoka na nusu ya kazi. Ni kazi hiyo ya Napoli ambayo Vasari aliitaja. Mnajua alimpa Mazzoni nafasi gani? Mistari michache, ndani ya maisha ya mtu mwingine, Giuliano da Maiano, na hata jina lake kamili hakulitaja, alimwita Modanino tu. Vasari alikuwa mtu wa Florence na shabiki wa Michelangelo. Tukasoma kitabu chake kwa karne nne na nusu kama msahafu, tukasahau wasiokuwa wa Florence.

Lakini wafalme hawakumsahau. Charles wa Nane wa Ufaransa alipoiteka Napoli mwaka 1495 alimtunukia Mazzoni cheo cha uungwana wa upanga, akaondoka naye hadi Ufaransa pamoja na mafundi wengine wa Kiitalia. Mfalme huyo alipokufa mwaka 1498, Mazzoni ndiye aliyetengeneza kaburi lake katika kanisa la Saint-Denis: mfalme amepiga magoti juu ya jeneza lake, anasali. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa likavunjwavunjwa. Angalieni basi. Kazi yake ya shaba, ya kifalme, ile ambayo vitabu vingeiheshimu, imepotea. Udongo wa Modena upo. Uingereza nako kuna kichwa cha mtoto anayecheka, cha udongo wa kuchoma uliopakwa rangi, kwenye hazina ya sanaa ya ufalme. Kinahesabiwa kuwa kazi ya Mazzoni ya karibu mwaka 1498, na wengi wanaamini mtoto huyo ni Henry, ambaye baadaye alikuwa Henry wa Nane. Yule yule aliyejua kilio alijua na kicheko. Alirudi kwao Modena mwaka 1516, akafa mwaka 1518.

Nilikuwa na sehemu nzima juu ya watu walioghushi udongo wa kale katika karne ya 19, hasa Giovanni Bastianini wa Florence, ambaye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, lilinunua sanamu yake mwaka 1866 likidhani ni ya karne ya 15. Naiacha. Naomba niseme tu lile litakalowafaa wale mnaokutana na sanamu za namna hii sokoni, mnadani, au katika ghala la kanisa zimefunikwa gunia. Msianze na uso. Uso ndio kila mtu anautazama, na ndio anayeghushi anaufanyia kazi. Igeuzeni. Tazameni nyuma na ndani: kama imekombwa, imekombwa kwa nini na kwa kifaa gani, vidole vya nani vilipita pale udongo ukiwa laini. Tazameni mahali vipande vilipoungwa. Tafuteni rangi kwenye mikunjo ya ndani ambako kitambaa cha msafishaji hakikufika, maana tabaka la chini kabisa ndilo la mwenye kazi na yaliyo juu yake ni ya waliokuja kuitengeneza. Mkiwa na fedha, maabara huchukua unga kidogo wa udongo huo na kupima mwanga unaoutoa ukipashwa moto, na kipimo hicho hukadiria ulichomwa mara ya mwisho lini. Hakitawaambia ni nani aliyeifinyanga.

Na tafadhali, mkikuta kibandiko kimeandikwa "Italia, udongo, mtengenezaji hajulikani", msikubali haraka. Mara nyingi hajulikani kwa sababu hakuna aliyeuliza. Jalada za Modena zina mikataba, zina stakabadhi, zina majina. Mei 2012 tetemeko liliupiga ukanda ule wote, Modena na Ferrara, makanisa yakapasuka kuta, minara ikaanguka. Udongo wa kuchoma ukianguka sakafuni haukunjamani kama shaba, wala haukatiki vipande viwili kama jiwe. Unasagika. Atakayetaka kuandika juu ya mafundi hawa, aanze sasa, wakati bado wamesimama. Maombolezo ya Mazzoni yako katika kanisa la San Giovanni Battista, katikati ya Modena, kando ya barabara ya Via Emilia. Bikira wa Uji yuko mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo.

Maswali nayapokea. Tuanze na yule dada wa kule nyuma, ameinua mkono tangu nilipomtaja Vasari.